Kifua Kikuu na Mfuko wa Chama Chetu

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ilipotuomba tutoe maneno machache juu ya afya, tulidhani kwanza kwamba kazi hii ingemfaa daktari au muuguzi kuliko karani. Lakini karani anacho kitu kimoja ambacho daktari hana, nacho ni daftari la Chama. Tulipolikalia daftari hilo jioni kadhaa ili kutayarisha taarifa ya mwaka, tuliona ya kuwa lina habari za afya zaidi ya tulivyofikiri. Ukurasa wa Misiba umejaa pande zote mbili, hata ikatubidi kuushonea karatasi nyingine. Ukurasa wa Msaada kwa Wagonjwa, ambao wazee walioanzisha Chama hiki waliupigia mistari kwa mkono wao wenyewe, ni mweupe karibu wote.

Katika majina ya ukurasa wa Misiba limo la ndugu mmoja ambaye hatutamtaja. Habari zake twazieleza kwa idhini ya mjane wake, naye ndiye aliyetuambia tusizipunguze.

Ndugu huyo alikuwa kibarua wa ujenzi. Alikaa na mkewe na watoto watatu katika chumba kimoja cha mabati, dirisha lake limepigiliwa mbao kwa hofu ya wezi. Alianza kukohoa wakati wa mvua za masika. Akanunua dawa ya kikohozi dukani; ilipokwisha akanunua nyingine. Hakwenda kupimwa, wala hakuacha kwenda kwa ujinga. Siku ya kwenda hospitali kwa kibarua ni siku isiyo na ujira, na asiyefika kazini leo, kesho atakuta nafasi yake ina mtu mwingine. Alipofika katika kituo cha afya alikuwa amekwisha konda, na shati linalowa jasho kila usiku. Makohozi yake yakapimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Akapewa dawa bila malipo, kama ilivyo haki ya kila mtu katika hospitali za serikali ya Kenya.

Alizinywa miezi miwili. Kikohozi kikapungua, naye akarudi kuomba kazi. Mnyapara akamwambia kwamba hataki mtu wa kifua mahali pake. Basi nauli ya kwendea dawa ikaanza kukosekana. Tena dawa zile, alivyomwambia mkewe, zilimchoma tumbo akizinywa bila kula, na siku za kula zilikuwa chache. Akaacha. Sisi wanachama wenzake tulizipata habari zake pale alipokuwa amekwisha kufa.

Hapo ndipo Chama kilipoonyesha nguvu zake. Katika usiku mmoja tulichanga fedha za jeneza, za gari la maiti mpaka kwao, na za kuwalisha waombolezaji. Jeneza lilikuwa zuri, na tulirudi mjini tukijisifu. Wiki chache baadaye binti yake wa pili akaanza kukohoa.

Tumepiga hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Nauli ya mgonjwa yule ya kwenda na kurudi, kwa miezi yote sita ya matibabu, haikufika bei ya jeneza peke yake.

Yapasa tuseme kwa ufupi ugonjwa huu ni kitu gani. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Mjerumani Robert Koch aliwaeleza wenzake kwamba amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu. Kabla ya siku hiyo hata wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba ni ugonjwa wa ukoo, wa kurithiwa kama vile mtu arithivyo pua ya babaye. Kwa hiyo wazee wetu waliosema kwamba nyumba fulani ina kifua hawakuwa peke yao, wala macho yao hayakuwa mabovu. Waliona sawasawa kwamba ugonjwa hufuata nyumba. Ila haufuati damu, hufuata hewa ya chumba. Mgonjwa wa mapafu asiyetibiwa akikohoa, au hata akiimba, viini hutoka na kuelea hewani, na wanaolala katika chumba hicho huvivuta usiku kucha. Havipiti kwa kikombe, wala kijiko, wala kwa kupeana mikono. Jua na upepo ni adui zake.

Lakini kuvuta viini si kuugua. Shirika la Afya Duniani hukadiria ya kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamekwisha kuviingiza mwilini, na katika kila watu 100 wa namna hiyo ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao. Mwili wenye nguvu huvifungia viini kama mtu azibavyo shimo la nyoka kwa jiwe. Jiwe hilo huondolewa na virusi vya UKIMWI, na kisukari, na sigara, na pombe nyingi. Na kwa hesabu za Shirika hilo hilo, linalowaangusha watu wengi kuliko hayo yote ni ukosefu wa chakula cha kutosha. Basi tazameni jinsi umaskini unavyoushika ugonjwa huu kwa ncha zote mbili. Chumba kilichosongamana huwaingiza viini wengi, kisha chungu kitupu huviamsha.

Tusidhani kwamba hii ni balaa ya Mwafrika. Mwaka 1888, katika mji wa Glasgow huko Scotland, mganga mkuu wa afya ya mji, James Burn Russell, alitoa hotuba juu ya maisha ya chumba kimoja. Glasgow wakati huo ulikuwa mji wa viwanda na utajiri mwingi, na bado karibu robo ya wakazi wake waliishi jamaa nzima katika chumba kimoja: wazima, wagonjwa, na hata maiti, kwa kuwa maiti hakuwa na mahali pengine pa kulazwa mpaka siku ya kuzikwa. Russell alionyesha kwa hesabu kwamba kadiri vyumba vilivyopungua ndivyo vifo vilivyozidi. Tulipozisoma habari hizo tuliona kana kwamba mtu huyo amepata kupita katika vichochoro vyetu.

Na katika Uingereza na Wales vifo vya kifua kikuu vilianza kupungua tangu katikati ya karne ya 19. Sehemu kubwa ya kupungua huko ilikwisha kutokea kabla ya kupatikana dawa yo yote ya kuponya. Wataalamu hubishana mpaka leo kama sababu ilikuwa mshahara, au chakula, au nyumba bora, au kutengwa kwa wagonjwa. Hakuna abishaye kwamba dawa zilikuwa hazijazaliwa.

Afrika Kusini yatufunza upande mwingine wa jambo hili, nao watuhusu sisi tulioacha nyumba zetu kuja kutafuta kazi. Machimbo ya dhahabu ya huko, tangu mwisho wa karne ya 19, yaliwavuta vijana kutoka Lesotho, Msumbiji, Malawi na kwingineko. Walilazwa wengi pamoja katika mabweni, wakachimba katika vumbi la mawe ambalo hujeruhi mapafu na kukifungulia kifua kikuu mlango. Aliyeugua hata asiweze kazi alirudishwa kwao, na ugonjwa ukasafiri pamoja naye mpaka vijijini ambako hakuna daktari. Faida ilibaki mgodini, kikohozi kikaenda nyumbani. Ni mwezi wa Julai 2019 tu, baada ya kesi ya miaka mingi, ndipo Mahakama Kuu mjini Johannesburg ilipoyakubali mapatano ya kiasi cha randi bilioni 5 ya kuwalipa wachimbaji na jamaa za waliokufa. Nasi kwetu, mtu akishindwa na mji hupanda basi kurudi kwa mama yake. Basi na tujiulize hurudi na nini kifuani.

Sasa tuje kwenye dawa, kwa maana hapa pana habari ya kutia moyo. Dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomisini, iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na isoniazidi ikafuata mwaka 1952. Siku zile mgonjwa alishauriwa alazwe muda mrefu hospitalini, penye hewa safi, maziwa na mapumziko. Nchi maskini hazikuwa na vitanda hivyo. Ndipo huko Madras, India, mji ambao sasa huitwa Chennai, wataalamu walipofanya jaribio kati ya 1956 na 1959. Wagonjwa 193, watu wa hali ya chini, waligawanywa kwa kura: wengine walilazwa mwaka mzima, wakala vizuri na kupumzika, wengine walitibiwa majumbani mwao, katika vyumba vilivyojaa watu na kwa chakula kilichokuwapo. Mwisho wa mwaka hesabu za waliopona pande zote mbili zilikaribiana sana. Tena jamaa waliokaa na wagonjwa wa nyumbani hawakuugua zaidi ya jamaa za wale waliolazwa.

Jambo hilo la pili ndilo tungependa wazee walitie maanani. Mgonjwa akianza kunywa dawa barabara, nguvu zake za kuambukiza hupungua upesi. Hatari kubwa ya nyumba ni mtu anayekohoa ambaye hajapimwa, au yule aliyeanza dawa kisha akaziacha. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga ndugu anayetibiwa, wala ya kumnyang'anya kikombe chake.

Baada ya hapo sehemu yetu ya dunia ilifanya kazi ambayo watoto wetu hawafundishwi shuleni, nasi twaona ni hasara. Matibabu ya zamani yalichukua mwaka mmoja na nusu, hata zaidi, na watu wengi walichoka njiani. Mwaka 1972 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa pamoja na wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, ambalo lilionyesha kwamba kwa dawa mpya zilizochanganywa vema miezi sita yaweza kutosha. Miezi sita anayopewa leo mgonjwa wa Asia au Amerika ya Kusini ina jasho la Waafrika wa Mashariki ndani yake. Kisha tangu mwaka 1977 Tanzania, ikisaidiwa na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ilianza kumwandika kila mgonjwa katika daftari, kumsimamia akinywa dawa, na kuhesabu kila robo ya mwaka ni wangapi waliopona, waliokufa na waliopotea. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mpango huo na kuueneza ulimwenguni. Sisi makarani twaomba turuhusiwe kufurahi kidogo kwa habari hiyo. Si kila siku daftari husifiwa kwa kuokoa watu.

Basi ikiwa dawa zipo, na ni za bure, na muda umefupishwa, mbona watu 1,250,000 walikufa kwa kifua kikuu mwaka 2023, na 10,800,000 wakaugua katika mwaka huo mmoja? Sehemu ya jibu ni virusi vya UKIMWI, na sehemu ni viini sugu visivyosikia dawa. Hata hivyo tusijifiche nyuma ya UKIMWI. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2016 ulionyesha kwamba wengi wa waliokutwa na kifua kikuu hawakuwa na virusi hivyo, nayo ni habari ya kuwafaa wale wanaoogopa kupimwa kwa sababu ya midomo ya majirani.

Sehemu kubwa ya jibu, kwa maoni yetu, ni kwamba dawa ya bure si matibabu ya bure. Mwaka 2017 wagonjwa wa Kenya waliulizwa gharama zao, nauli, chakula na ujira uliopotea vikihesabiwa humo. Ilionekana kwamba katika jamaa zenye mgonjwa, zaidi ya robo zilipoteza kwa ugonjwa huo zaidi ya sehemu moja ya tano ya mapato yao ya mwaka. Na penye viini sugu zilikuwa zaidi ya jamaa 8 katika kila 10. Mtu huingia katika ugonjwa akiwa maskini, na hutoka, kama atatoka, akiwa maskini zaidi; amekwisha uza kuku na mbuzi, na watoto wametolewa shuleni. Hao watoto ndio watakaolala kesho katika chumba chenye mbao dirishani.

Walikuwapo waliosoma habari za Madras vibaya, wakasema kwamba basi chakula si kitu. Jibu limetoka India hiyo hiyo. Tangu mwaka 2019, katika jimbo la Jharkhand ambako wengi ni maskini, wataalamu waliwachukua wagonjwa 2,800 wa kifua kikuu. Kila mgonjwa alipewa kapu la chakula la kila mwezi pamoja na dawa zake. Katika nusu ya nyumba, jamaa waliokaa naye walipewa pia mchele na dengu, si kitu cha ajabu. Katika nusu ya pili jamaa hawakupewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Katika nyumba zilizolishwa, walioambukizwa wakaugua walipungua kwa karibu 39 katika kila 100, na kwa ugonjwa wa mapafu ambao ndio huenea, walipungua kwa karibu nusu. Na wagonjwa walioongezeka uzito katika miezi miwili ya kwanza walikufa wachache sana kuliko wale ambao hawakuongezeka. Hiyo ni kazi ya mchele na dengu. Tungeambiwa kwamba ni sindano mpya kutoka ng'ambo, tungepanga mstari tangu alfajiri.

Sasa, wazee wetu, twaja na hoja. Twaomba sehemu moja ya nne ya michango ya kila mwezi itengwe chini ya ukurasa wa Msaada kwa Wagonjwa. Mwanachama au mtoto wake atakayeleta kadi ya matibabu kutoka kituo cha afya alipiwe nauli ya kwendea dawa mpaka miezi yake iishe, na nyumba yake ipewe unga, maharagwe na mafuta kwa muda huo huo. Wenye kukaa naye nao wapelekwe kupimwa, hasa watoto wadogo, ambao huweza kupewa dawa ya kuwakinga.

Twajua yatakayosemwa, maana mengine yamekwisha semwa mlangoni. Wako wazee wanaoona kwamba kupunguza fedha za mazishi ni kuvunja heshima ya wafu. Hatusemi kwamba ndugu yetu azikwe ugenini. Twasema gari liende, jeneza liwe la mbao za kawaida, na karamu ipunguzwe. Hapo sisi wenyewe twaungama kwamba tulikuwa wa kwanza kuisifu karamu ile. Wengine wanauliza juu ya wadanganyifu watakaojifanya wagonjwa. Kadi ya kituo cha afya haipatikani kwa kukohoa mbele ya karani. Tena msaada utakuwa nauli na chakula, wala si fedha taslimu za kumaliziwa klabuni.

Neno zito zaidi ni la aibu. Mwanachama mmoja alituambia waziwazi kwamba afadhali afe kuliko jina lake lisomwe mkutanoni kuwa ana kifua kikuu. Hatuna budi kulijibu. Twapendekeza kwamba majina ya wanaosaidiwa yajulikane na watu watatu tu: Mwenyekiti, Mweka Hazina, na karani, na katika taarifa ya mwaka isomwe hesabu bila jina. Daftari hilo litafungiwa kabatini, na ufunguo utakaa kwa Mweka Hazina.

Liko pia jambo dogo lisilohitaji kura wala senti. Mwaka 2007 ilitangazwa habari ya hospitali za Lima, nchini Peru, ambako wataalamu walipima hewa ya vyumba vya wagonjwa. Vyumba vya zamani, vyenye dari la juu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa, vilibadili hewa kuliko vyumba vya kisasa vyenye mashine. Twawaomba wanachama wenye nyumba za kupangisha, nao wamo humu ndani na twawaheshimu, watie nondo madirishani ili mpangaji aweze kufungua dirisha bila kuogopa mwizi. Mbao zile zimezuia wezi, lakini zimefungia kitu kingine ndani.

Binti wa marehemu anaendelea na dawa, na uzito wake umeanza kurudi. Amebakiza safari nne za kwenda kuchukua dawa. Nauli ya safari mbili imekwisha patikana kwa wanachama wachache waliotoa kwa hiari yao. Ya safari mbili za mwisho haijapatikana, na ya kwanza kati ya hizo ni Alhamisi ya wiki ijayo. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba kwa heshima hoja hii ipigiwe kura leo, kabla ya chai.